Siwema na Sindano Zake Katika Nchi ya Shwarini

Mwenye kigoda akikalie, asiye nacho ajibanze kwa mwenzake, maana habari hii haisimuliwi watu wakiwa wima. Inamhusu Siwema binti Makame, msusi wa Ngamiani pale Tanga, yule ambaye ukikaa kwenye kiti chake asubuhi unaondoka adhuhuri na nywele mpya na habari za mtaa mzima. Inamhusu pia wifi yake, Mwajabu, ambaye hakualikwa safarini. Lakini Mwajabu amewahi kualikwa wapi, na amewahi kukosa wapi?

Walivyofika Shwarini si hadithi. Nchi ile haina njia ya kuizunguka. Iko mahali fulani kati ya siku mwanamke anapoambiwa ana mimba na siku anapopakatishwa mtoto, na kila mjamzito hupita humo, apende asipende. Wengi huivuka bila kujua kama wamevuka nchi. Huingia wakicheka, hutoka wakinyonyesha, na ukiwauliza kulikuwaje watakwambia kulikuwa shwari. Wanasema kweli. Sheria za kule hazimgusi mtu mpaka awe na kitu cha kuogopa.

Siwema alikuwa nacho. Alikuwa ameshaingia nchi ile mara mbili, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Wa kwanza alikuwa mvulana, wa miezi mitano. Wa pili msichana, miezi saba, kucha zimeshaota. Baada ya huyo wa pili, daktari mmoja wa kwao, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimtoa damu, akaipeleka kupimwa, kisha akamwita na kumfungia mlango wasikilizane.

"Damu yako ina haraka ya kuganda," alimwambia. "Inaganda kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa pa kupitishia chakula na hewa. Si kosa lako, na wala si kijicho cha mtu."

Mimba ya tatu ilipoingia akampa vidonge vidogo vya kumeza, na sindano za kuizuia damu isigande: moja kila siku, saa ileile, mpaka karibu na kujifungua. Siwema akachagua saa kumi jioni, saa ambayo saluni huwa imepoa. Unabana kinofu cha mafuta pembeni ya kitovu, unaingiza sindano wima, unasukuma polepole, unahesabu mpaka kumi, unachomoa. Husugui. Inawasha kama umepakwa pilipili, na kesho yake unaamka na doa jingine.

Kwa hiyo mara hii ya tatu aliingia Shwarini na mimba ya wiki thelathini na moja, mfuko wa kitambaa wenye sindano za mwezi mzima, na tumbo lililojaa madoa, mengine ya zambarau, mengine yameshageuka manjano. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Langoni alikaa afisa aliyevaa glovu nyeupe. Cheo chake ni Mkaguzi wa Nyuso.

"Hongera, mama. Usijali," alisema.

"Ahsante."

"Hujajibu. Jibu lake ni sijali."

"Hajali," Mwajabu alimjibia. "Tena mimi sijali kumshinda yeye. Tupite?"

Mkaguzi hakucheka. Alimwinamia Siwema, akampitishia kidole kwenye paji la uso kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Mikunjo miwili," alimwambia mwandishi wake. "Mmoja wa zamani, mmoja mbichi." Kisha akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba Shwarini wasiwasi ni magendo. Mjamzito huruhusiwa kuingia na nguo, chakula na mtu mmoja wa kumsindikiza. Wasiwasi huachwa langoni.

Chumba cha kuuhifadhia kilikuwa wazi, Siwema akachungulia. Kulikuwa na rafu mpaka darini. Aliona karatasi za majibu ya vipimo zimefungwa kwa kamba, shanga za kuhesabia mateke ya mtoto, daftari la mtu aliyeandika presha yake kila asubuhi, na soksi mbili ndogo ambazo mwenye nazo alizinunua mapema mno.

Halafu Mkaguzi akafungua mfuko wa kitambaa.

"Hizi nini?"

"Sindano zangu. Najidunga moja kila siku, saa kumi."

"Kwa nini?"

"Mtoto asife."

Mwandishi aliacha kuandika. Nyuma yao, kwenye foleni, wasindikizaji wa wajawazito wengine waliguna. Mkaguzi alivua glovu moja kwa masikitiko. "Mama, hilo neno hapa halitamkwi. Hizi si dawa. Huu ni wasiwasi uliotiwa kwenye mirija." Akaufunga mfuko, akaubandika karatasi nyekundu. "Utaupata ukionyesha kibali."

"Saa ngapi nitakipata?"

"Usijali," alisema Mkaguzi.

Basi, wakatafuta kibali. Waliambiwa kinatolewa katika nyumba yenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Waja Wazito. Aliyekaa hapo alisikiliza mpaka aliposikia neno sindano, akainua mkono. "Anayedungwa kila siku ni mgonjwa. Mlango wa pili." Mlango wa pili ni wa Wagonjwa. Aliyekaa hapo alisikiliza mpaka alipoliona tumbo, akainua mkono. "Mimba si ugonjwa. Mlango wa kwanza." Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na nane. Siwema alizijua kwa sababu alizipiga mara saba, mgongo ukimkata, miguu imevimba viatu vimegoma.

Mara ya nane Mwajabu alisimama katikati ya milango, akapiga kelele wote wawili wasikie. "Nyie wawili! Mmekaa hatua kumi na nane tu, hamjawahi kusalimiana? Mbele huyu mjamzito, nyuma mgonjwa! Mnataka nimkate kati, kila mtu achukue nusu yake?"

Kelele ni kosa Shwarini, na kosa huamuliwa na Baraza la Utulivu. Ndivyo walivyofika Barazani: kwa kukamatwa. Siwema hakulalamika. Ilikuwa saa saba, na mfuko wake ulitangulizwa kama ushahidi ukawekwa mezani, mahali anapouona.

Barazani kulikuwa na Mwenyekiti na wajuzi watatu, wote wanaume, wote wamekula. Alikuwapo pia mkunga wa Baraza, mwanamama aliyeajiriwa kuangalia ambacho wajuzi hawapaswi kuangalia na kukitangaza kwa sauti. Alimpeleka Siwema nyuma ya pazia, akainua gauni, akatoka.

"Tumbo lina alama za kipigo," alitangaza.

"Mume!" walisema wajuzi kwa pamoja, kama waliokuwa wakilisubiri.

"Mume gani?" Mwajabu alidakia. "Kaka yangu mimi? Kaka yangu akichinja kuku anageuza uso, kuku anakimbia na nusu shingo! Hayo madoa ni ya sindano. Kila siku anajichoma huku analia, mimi namsikia. Nyie mlishawahi kujichoma hata na mwiba kwa ajili ya mtoto wenu?"

Aliambiwa akae, akakaa. Ukafunguliwa mjadala, na ulikuwa mjadala wa heshima sana.

Mjuzi wa kwanza alisema sindano itamfikia mtoto, imtoboe jicho. Siwema aliinua mkono. Alisema sindano yenyewe haifiki urefu wa kucha yake ya kidole gumba, inaishia kwenye mafuta, na mtoto yuko mbali kama jirani wa nyumba ya tatu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba mwenye mimba hachangii mjadala kuhusu mimba, kwa kuwa ana maslahi.

Mjuzi wa pili alisema wanawake wa zamani walizaa shambani, wakafunga mtoto mgongoni, wakaendelea kupalilia. Baraza zima lilipiga makofi. Siwema hakuinua mkono safari hii.

"Na waliozikwa hukohuko shambani?"

Mjuzi alifikiri. "Hao," alisema, "hawajaleta malalamiko."

Mjuzi wa tatu aliuliza Siwema amemkosea nani. Mama mkwe? Jirani? Kuna mteja aliyesukwa vibaya? Kwa maoni yake damu haigandi bure. Tena anayejidunga kila siku anamkumbusha mtoto kila siku kwamba kuna mlango wa kutokea. Angenyamaza, mtoto angesahau.

Hapo Siwema alisimama. Hakuwa mgeni wa maneno hayo. Alishayasikia yote saluni kwake, kutoka kwa wateja anaowapenda, wenye midomo iliyojaa maandazi aliyowapa yeye. Alipozika wa kwanza waliimba "utapata mwingine." Alipozika wa pili waliimba "utapata mwingine," na jirani mmoja akauliza kama alikuwa ananyanyua ndoo. Alidhani ni mazungumzo tu ya watu wasiojua la kusema. Kumbe kuna mahali yanakotungwa, yanapigiwa kura, na kugongwa mhuri.

"Waheshimiwa," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, wao wakadhani ni woga. "Sikuja kuuliza damu yangu imetoka wapi. Nimekuja kuchukua mfuko wangu. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Saa kumi naudunga mwili wangu, si wa mtu."

Baraza lilijitenga. Lilirudi saa tisa na uamuzi: kwa kuwa jambo lina pande mbili, Baraza halina upande. Mfuko upelekwe Dirisha la Hesabu, na sheria iliyopo ifuatwe.

Dirisha la Hesabu lilikuwa nyuma ya jengo. Mbele yake kulikuwa na benchi refu, wanawake kumi wamekaa wakiwa na mimba za ukubwa tofauti, kimya kama watu waliosubiri mpaka wakasahau wanasubiri nini. Pembeni mama mmoja wa makamo, Bi Kidawa, alikuwa akiuza uji wa pilipili manga. Ndani ya kioo alikaa karani mpole, tai imekaa sawasawa. Mfuko wa kitambaa ulikuwa mkono wake wa kushoto, na nyuma yake rafu iliyojaa mifuko ya sindano ya wengine. Siwema alipewa nafasi ya kwanza, maana kesi yake ilitoka Barazani.

"Pole kwa safari, mama," alisema karani. "Unao wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Waliopotea."

"Wawili."

Karani alitabasamu kwa huruma. Akamgeuzia kitabu ausome mwenyewe: *Mwombaji wa kibali cha sindano afike na watatu.* "Umepungukiwa na mmoja," alisema. "Mmoja ni bahati mbaya, mama. Wawili ni sadfa. Watatu ndipo tunapoanza kuangalia."

"Na huyu aliye tumboni?"

"Huyo ndiye tunayemngoja. Akitoka salama, itakuwa hukuhitaji sindano. Asipotoka, karibu sana. Dirisha hili litakuwa wazi kwako siku hiyohiyo."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Ndilo lililomuudhi Siwema kuliko yote. Angetukanwa, angejua la kufanya. Ngamiani hakuna anayemshinda kwa hilo. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika thelathini na tano. Tumboni mtoto alikuwa ametulia tangu Barazani, na Siwema alikuwa akihesabu utulivu huo dakika kwa dakika bila kumwambia mtu.

"Ina maana huyu afe," alisema polepole, "ndiyo mnipe dawa ya kumzuia asife?"

"Sijasema hilo neno," alisema karani.

"Kitabu chako kimesema!" Mwajabu aliruka. "Kitabu gani mwanaharamu hiki, kinangoja mazishi kama fisi?"

Hapo Bi Kidawa aliweka upawa chini. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaja mpaka dirishani kama mtu anayekuja kudai kikombe chake.

"Unao wawili, mwanangu?"

"Wawili, mama."

"Mimi ninaye mmoja. Mchukue."

Karani alikohoa. "Bi Kidawa, wewe ni muuza uji. Huna jalada hapa."

"Sina jalada, nina mtoto. Mwaka niliokuja kwenye dirisha hili uliniambia mmoja ni bahati mbaya. Sikuwa na pa kwenda na bahati mbaya yangu, nikakaa hapahapa nikabandika sufuria. Kitabu chako nakisikia ukiwasomea watu kila siku, nimekihifadhi kuliko wewe. Soma. Kinasema afike na watatu. Kimesema aliwazaa nani?"

Karani alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria hana pa kukimbilia sheria inapomgeukia.

"Hakijasema," alikiri. "Lakini nakuonya, Bi Kidawa. Ukimtoa, katika kumbukumbu za Shwarini utakuwa mwanamke ambaye hajawahi kupoteza mtoto."

"Na mpaka leo nilikuwa nani?"

Benchi lilicheka, kicheko kikavu, cha kwanza siku nzima. Bi Kidawa yeye hakucheka. Alimshika Siwema mkono. "Mwanangu hajawahi kutumwa hata dukani kununua chumvi," alisema. "Kila mama ana mtoto wa kumtuma. Leo na mimi namtuma. Gonga, karani."

Mhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika nne. Mfuko ulipita chini ya kioo. Siwema hakutafuta chumba. Mwajabu alitandaza khanga mbele yake kama pazia, yeye mwenyewe akafumba macho, maana maneno yote yale lakini sindano haiwezi. Siwema alibana kinofu mahali pasipo na doa, akaingiza wima, akasukuma. Ule muwasho wa pilipili ukaja. Alianza kuhesabu kimoyomoyo, akasikia wa kwanza kwenye benchi anahesabu naye, kisha wa pili, mpaka kumi walikuwa wanahesabu wote, kwa sauti, chini ya dirisha la serikali. Alichomoa. Hakusugua. Alikaa chini palepale sakafuni, akanywa uji wa Bi Kidawa, wa moto, wenye sukari kupita kiasi. Kikombe hakijaisha, mtoto akampiga teke la ubavuni, kali, la mtu aliyeamshwa.

"Yupo," alisema Siwema, na machozi yakamtoka yenyewe. "Wifi, yupo."

Hapo ingekuwa mwisho. Mlango wa kuendelea na safari ulikuwa wazi, Mwajabu ameshabeba mfuko. Lakini karani alikuwa ameita anayefuata, msichana aitwaye Salha, mimba changa, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Unao wangapi?"

"Wawili."

"Umepungukiwa na mmoja."

Salha alimgeukia Bi Kidawa. Kila mtu alimgeukia. Bi Kidawa alifungua viganja vyake. "Nilikuwa na mmoja tu, mwanangu. Nimeshamtoa."

Siwema alikuwa mlangoni. Alirudi.

"Wifi!" Mwajabu alimnong'oneza kwa ukali. "Tumeshatoka, unarudi kufanya nini? Watabadili mawazo hawa!"

"Ngoja." Aliinama dirishani. "Karani, wale watatu wangu. Mmoja nampa huyu."

"Hao wameshatumika, mama."

"Wametumika? Wamepungua nini? Nionyeshe palipoandikwa kwamba mtu akishakufa mara moja kwa ajili ya kibali, basi hafai kibali kingine."

Karani alifungua kitabu. Alitafuta mbele, akatafuta nyuma, akatafuta mpaka kwenye maelezo ya chini yaliyoandikwa kwa herufi za mchwa. Jasho lilianza kuilowesha kola yake. "Hakuna aliyewahi kuuliza," alisema.

"Leo nimeuliza mimi."

Nitangulize habari, msije mkakaa roho juu. Siwema alijidunga sindano zake zote, nyingine akazipata palepale dirishani, na aliambiwa aache siku moja kabla ya kuzalishwa. Mtoto alizaliwa upande wa pili wa nchi ile, wa kike, kilo mbili na robo, mdomo wazi. Mwajabu aliitangazia Ngamiani kabla kitovu hakijafungwa. Baraza la Utulivu nalo lilikutana wiki iliyofuata na kupiga marufuku kuazimana watoto waliokufa, kwa kura zote, makofi yakapigwa. Sheria hiyo ipo mpaka leo, na kama una dada anayepita kule, mwambie.

Lakini jioni ile marufuku ilikuwa haijatungwa. Salha alipewa mmoja akatimiza, akagongewa. Aliyemfuata hakuwa na hata mmoja, alikuwa na shangazi na mama yake mzazi waliokufa kwa damu ileile, jambo ambalo kitabu hakikuwa na mahali pa kuliandika. Akapewa wote watatu, akagongewa. Wakatoka kwake wakaenda kwa wa tatu. Kijana wa Bi Kidawa na watoto wa Siwema, ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia majina, walizunguka benchi zima kutoka tumbo hadi tumbo, na kila walipofika mfuko ulipita chini ya kioo. Mwajabu alikuwa ameuacha mlango, anapanga foleni na kufokea wanaosukumana.

Kwa mwanamke wa tisa karani aliweka mhuri chini, akajinyoosha vidole. Alimtazama Bi Kidawa kama anayeomba ahurumiwe.

"Bibi, hawa watoto sasa wamechoka."

Bi Kidawa alikuwa ameshika upawa, anammiminia mtu uji.

"Wangu angekuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Kijana wa umri huo achoke nini? Gonga."